Plagi za Kuteremkia Kutus

Mwezi uliopita tulimzika Gakuru, fundi wa magari, nyumbani kwake Chaka. Upepo wa Kieni ulikuwa umeamka vibaya siku hiyo, mpaka vijana wa kanisa wakawa wanashikilia nguzo za hema huku mchungaji akihubiri, na nusu ya maneno mazuri aliyosemewa marehemu ikapeperuka kuelekea Naro Moru bila kusikika. Baada ya mazishi tulipanga mstari wa chakula. Nilikuwa na sahani mkononi, viatu vinanibana, niliposikia mtu nyuma yangu akimuuliza mpishi kwa nini mchele wa huku hupikwa pamoja na viazi, na je, kinachotangulia sufuriani ni viazi au ni mchele. Hakuwa akilalamika. Alitaka kujua. Mpishi alipomwambia kwamba ndivyo unavyopikwa tu, yule mtu akasema, "Hiyo si jibu, mama," nami nikamjua kabla sijageuka. Alikuwa Mwalimu Nekesa, mvi kichwa kizima, amesafiri kwa basi kutoka Webuye kuja kumzika mtu ambaye, nijuavyo mimi, waligombana naye kuliko walivyosalimiana. Tulikumbatiana mpaka mstari ukatupita. Tulipoketi, kabla hajaniuliza habari za afya wala za watoto, akauliza: "Wairimu, ile plagi ya silinda ya tatu ilikuwa nyeupe ama kijivu?" Nikasema nyeupe. Akasema kijivu. Tukabishana hapohapo, sahani mapajani, mpaka mama mmoja wa kwaya akatutazama kwa jicho la kutufukuza. Nikacheka, halafu nikalia kwa mara ya kwanza siku hiyo, na tangu hapo mwaka ule wa plagi umekataa kuniondoka kichwani.

Habari za nilikozaliwa na za watu wetu naziacha, zina mahali pake. Naanzia Kamakwa, kwenye ploti ya vyumba vya mbao nje kidogo ya mji wa Nyeri, nilikopanga chumba nikiwa na miaka ishirini na miwili. Chumba kilitosha kitanda, jiko la makaa na kiti kimoja. Mgeni akija, yeye alikaa kitini na mimi nikahamia kitandani. Ukuta kati yangu na jirani ulikuwa wa mbao zilizobandikwa magazeti, na mwezi wa saba, ile baridi ya Nyeri inapokuwa haina adabu, ukuta huo ulipitisha kila kitu: baridi yenyewe, harufu ya vitunguu na maneno. Jirani yangu ndiye Nekesa. Serikali ilikuwa imemleta kutoka magharibi kufundisha fizikia katika shule moja ya wasichana, na alikuwa na tabia ya kuongea na karatasi za mitihani akizisahihisha. "Wewe mtoto, umeandika nini hapa? Nani alikudanganya?" Majuma ya kwanza nilidhani ana mgeni kila jioni, tena mgeni asiyeelewa mambo. Jumapili moja alibisha kuomba chumvi, akaiona sufuria yangu ya mukimo, akauliza kwa nini lazima mahindi na viazi vipondwe pamoja wakati kila kimoja kina ladha yake. Nikamkaribisha ale. Juma lililofuata akaniletea mboga ya mrenda, ile inayovutika kutoka kwenye sahani mpaka mdomoni, na akanitazama nikihangaika nao kwa furaha ambayo sikuipenda. Hivyo ndivyo urafiki wetu ulivyoanza, kila mmoja akikila chakula cha mwenzake kwa mashaka.

Gari lake lilikuwa dogo, la Kijapani. Kwao Webuye lilikuwa na nguvu zake, alisema, lakini huku juu lilichoka. Kila Jumamosi alipopanda kwenda Naro Moru kununua viazi na kuutazama mlima, lilipitwa hata na pikapu zilizojaa kabeji. Aliwauliza mafundi wa mji, na wote wakamwambia kitu kimoja: hewa ya huku ni nyepesi, injini inakosa pumzi, zoea. Nekesa hakuwa mtu wa kuzoea. "Kama ni pumzi inakosa," aliniambia siku moja akimenya kitunguu kwenye kile kiti changu cha pekee, "si ipewe?" Ndipo akaanza kupekua malundo ya vyuma vilivyotoka Japani nyuma ya gereji ya Gakuru, pale Gatitu, na akakipata alichokitaka: supachaja, yaani pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini na kuisukumia injini hewa kwa nguvu. Ilikuwa imetolewa kwenye gari lililobondeka. Gakuru alikuwa hajawahi kufunga kitu kama hicho maishani. "Nitafunga, Mwarimu," alimwambia. "Rakini ikipasuka, ni yako." Alikuwa mtu mfupi, mkavu wa maneno, na l na r kwake zilikuwa kitu kimoja. Mafundi wake walimwogopa, na wateja waliotoka mbali walimwamini kuliko walivyowaamini jamaa zao.

Mimi nilikuwa nauza kwenye duka la spea mjini. Nilisimama kaunta kuanzia asubuhi mpaka jioni, mteja akitaja kitu, nikikitoa rafuni. Kazi ilikuwa safi na watu wetu waliifurahia, lakini ukweli ni kwamba ilinichosha roho. Niliuza vitu ambavyo sikuwahi kuviona vikifanya kazi. Niliijua gasketi kwa boksi lake, pistoni kwa namba yake. Siku supachaja ilipokwisha kufungwa, Nekesa akaja dukani na kuniuliza mbele ya wateja: "Wairimu, injini ikisukumiwa hewa nyingi, moto wake unaongezeka. Sasa plagi nazo si zitazidiwa? Kuna plagi za baridi zaidi?" Wateja wakacheka, mmoja akasema plagi baridi ziko kwa friji ya bucha. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeona namba kwenye plagi, vile vifaa vinavyotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini, kila siku na sikuwa nimewahi kujiuliza zinasema nini. Tulishusha maboksi yote. Katika plagi za kampuni moja, namba ikipanda, plagi inakuwa ya baridi zaidi. Katika za kampuni nyingine, namba ikipanda, inakuwa ya moto zaidi. Miaka miwili nilikuwa nimewauzia watu wazima hivi vitu kwa uso wa mtu anayejua.

Leo mtoto wa shule angeuliza simu yake na kupata jibu kabla chai haijapoa. Sisi tulikuwa na tochi na meza ya Nekesa. Jioni hiyo alipika ugali na dagaa, tukasukuma sahani pembeni, tukalaza plagi mbili kwenye gazeti, ya kawaida ya lile gari na ile ya baridi, na kuzimulika kwenye midomo yao. Ndani ya kila moja kuna kipande cha kauri nyeupe kinachozunguka ncha ya chuma. Kwenye plagi ya kawaida kile kipande kilikuwa kirefu, kimeingia ndani sana. Kwenye ya baridi kilikuwa kifupi. Nekesa aliningojea. Nilimulika hii, nikamulika ile. Nikasema: "Moto ukiingia kwa hii ndefu, lazima utembee mbali ndiyo utoke. Kwa hii fupi unatoka haraka." Alipiga meza mpaka kijiko kikaruka. "Kwa hivyo hii ndefu inabaki na moto, na moto unachoma masizi, inajisafisha. Lakini moto ukizidi, ncha yenyewe inageuka kiberiti, inawasha petroli kabla ya wakati." Na ile fupi? Haishiki moto, kwa hiyo haiwezi kuwasha mapema, lakini injini ikifanya kazi ndogo inajaa masizi na kuzima. Hakuna iliyokuwa bora kuliko nyingine. Ilitegemea injini inafanya kazi gani na iko wapi. Nilirudi chumbani kwangu na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nilipotoka shule, nikalala nikiwa nimezishika plagi zote mbili.

Baada ya hapo nilianza kwenda gereji kila Jumamosi mchana, duka likifungwa. Nilishika tochi, nikasafisha boliti, kisha nikaanza kufungua vitu. Mwezi wa nane nikamwendea Gakuru, nikamwambia kwamba nataka kuacha kaunta anichukue nijifunze ufundi. Alikuwa anakunywa chai. Hakuangalia juu. "Mteja akiona msichana chini ya gari yake, anaenda kwa jirani," alisema. "Mimi niko na watu wa kurisha." Nekesa alikuwepo, na alikasirika kwa niaba yangu kuliko nilivyokasirika mwenyewe. Alisema kama ni hivyo, injini ile itamaliziwa na mimi, mkanda, petroli, plagi, kila kitu, na Gakuru aangalie tu. Akikataa, analivuta gari lake mpaka Nanyuki. Walizozana mpaka chai ikaisha. Mwisho Gakuru akatoa sharti lake mbele ya mafundi wote. Gereji ile ilikuwa na desturi. Injini iliyofunguliwa pale haikuhesabiwa kuwa imepona mpaka iteremke Kutus, ipakiwe magunia mawili ya mchele, na kuupanda ule mlima wa kutoka Sagana mpaka Karatina ikiwa imebeba. Gunia moja lilikuwa la mwenye gari. La pili lilikuwa la gereji, na sufuria ya kwanza ilipikwa jioni hiyohiyo. Injini ikifia njiani, watu walikula githeri, yale mahindi na maharagwe, kama siku zote. "Injini ya Mwarimu ikienda Kutus na irudi ikiwa mzima," alisema Gakuru, "huyu anabaki. Ikikufa, anarudi kaunta, na sitaki kumwona hapa tena."

Nilikubali haraka mno, kama mtu anayeogopa ofa itaondolewa. Kuanzia siku hiyo sikufikiria kitu kingine. Alfajiri za Jumapili tulilipeleka gari Chaka, tukalikimbiza kwenye ile barabara iliyonyooka kuelekea Naro Moru, tukasimama pembeni, nikang'oa plagi na kusoma rangi zake huku Nekesa akipuliza mikono. Na mlima ukiwa wazi, mweupe juu, na baridi ya kukata masikio, gari lile liliruka. Pikapu za kabeji zilibaki nyuma. Plagi za kawaida zilitoka na rangi ya kahawia isiyokolea, ile ambayo kila fundi hutamani kuiona. Zile za baridi zilitoka nyeusi tii. Siku moja tuliziacha ndani ya injini, na asubuhi iliyofuata gari likakataa kuwaka kabisa pale Kamakwa. Nekesa alisukumwa na wanafunzi wake mwenyewe mpaka barabarani, wakiimba. Tulirudia mara nyingi na jibu halikubadilika. Hata Gakuru alizigeuzageuza zile za kahawia kwenye mwanga na kusema, "Hizi ziko sawa." Basi tukakubaliana, fundi, mwalimu na mimi, kwamba kwa injini hii plagi za kawaida zatosha, na kwamba wanaosema supachaja inataka plagi baridi hawajafika Kieni. Tulijiona tuna akili sana.

Siku chache kabla ya safari nilikuwa nakula kwenye kibanda cha Mama Shiru, nyuma ya gereji. Kibanda kilikuwa cha mabati, na upande wa pili wa bati ndipo Gakuru alipopenda kukaa na wageni wake. Nilimsikia mtu akimuuliza kama ni kweli anataka kumwandika msichana. "Aah," alisema Gakuru, "hiyo injini hairudi. Nirimpa hiyo kazi ndiyo achoke pore pore, aende mwenyewe. Mwarimu ni mkari, siwezi kumkataria mdomoni." Yule mwingine akacheka. Mama Shiru aliniangalia, akaniongezea maharagwe. Iliniuma sana. Iliniuma zaidi kwa sababu hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesimulia hali ya hewa. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, na bado nadhani hakuna kitu kinachomkalia mtu moyoni kama kugundua kwamba ameshindwa kabla hajaanza, na kwamba kila mtu alikuwa na heshima ya kutomwambia. Sikumwambia hata Nekesa. Nilimaliza chakula, nikarudi kukaza mkanda.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi, Nekesa kwenye usukani, mimi kando yake na mkoba wa spana miguuni. Ndani ya mkoba nilikuwa nimetia pia zile plagi za baridi. Sikuwa na hekima yoyote. Nilitaka tu kuzijaribu kule Kutus kwenye joto, nione zitatoka rangi gani. Tuliteremka kupitia Karatina, na kila tulipozidi kushuka tulivua kitu: kwanza kofia, kisha sweta, kisha Nekesa akafungua dirisha. Sagana ilitupokea na jua. Tulipokata kushoto kuelekea Kagio, barabara ikanyooka kati ya mashamba, na Nekesa akakanyaga mafuta, gari likatoka kwa nguvu ambayo hatukuwahi kuiona hata Chaka. Tulipiga kelele wote wawili. "Limekuwaje hili?" alisema akicheka. "Limekula nini?" Akakanyaga tena. Ndipo nikasikia, chini ya kelele zetu, mlio kama wa changarawe kwenye kopo. Ulikuja, ukaacha, ukaja tena alipokanyaga. Nilimwambia apunguze. Nikamwambia asimame. Alisimama kando ya mtaro, nami nikafungua boneti.

Nilifunga kitambaa mkononi nikang'oa plagi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ile rangi ya kahawia ilikuwa imetoweka. Kauri ilikuwa imepauka kwa moto uliozidi, na kwenye ya tatu kulikuwa na vidoti vidogo vinavyong'aa, vimetapakaa kama chumvi. Nekesa alitoa miwani. Tulikaa kwenye nyasi na plagi zile katikati yetu, magari yakipita. Mimi nilikuwa nafikiria kaunta. Niliiona ile kaunta wazi kabisa, mpaka mikwaruzo yake. Yeye alikuwa anafikiria kitu kingine. "Lilikuwa na nguvu zaidi," alisema polepole. "Huku chini. Kwa nini liwe na nguvu zaidi?" Na nilipoacha kujihurumia, nikaliona. "Hewa," nikasema. "Ya huku ni nzito. Ile pampu inasukuma kiasi kilekile, lakini kila pumzi imejaa kuliko ya Chaka. Na tena ni ya moto." Injini za kawaida, zile zote ambazo Gakuru aliteremsha Kutus miaka nenda miaka rudi, hufurahia kushuka, taabu yao iko juu. Yetu ilikuwa kinyume. Tuliipima mahali ambapo baridi na mlima viliificha tabia yake, na tukaileta tabasamu mdomoni mpaka mahali pa kuiua. Watu wa pwani wasingefanya kosa hilo hata wangetaka. "Wewe Nekesa," alijiambia, kwa sauti ileile ya karatasi za mitihani, "nani alikudanganya?"

Tungeweza kugeuza gari hapohapo, polepole, na kukiri. Tulijadili hilo. Nekesa alisema gari ni lake na mchele ni wa gereji, lakini kazi inayopotea ni yangu, kwa hiyo niamue mimi. Nilifunga zile plagi za baridi, baada ya kuzipunguza mwanya wa cheche kidogo ili pumzi ile nzito isizizime, na nikaitia ile ya tatu yenye vidoti mfukoni. Tuliendelea mpaka Kutus bila haraka, sikio langu likiwa karibu kutoka mahali pake. Changarawe haikurudi. Tulipakia magunia mawili, tukala wali na maharagwe kwenye hoteli moja yenye joto la tanuri. Mlima wa Sagana tuliupanda tukiwa tumebeba, na gari lilivuta kwa utulivu mpaka nikaanza kupumua. Taabu ilikuja Karatina, siku ya soko, magari yamebanana, baridi imeanza kushuka. Tukiwa tumesimama, injini ikaanza kukohoa. Nekesa alitaka tusimame tubadilishe. "Hapana, Mwalimu," nikasema. "Zimeshika masizi kwa sababu hazina kazi. Pita hapo kando, toka mjini, halafu kanyaga. Usiiache ipoe." Aliniangalia mara moja, akapita kando ya wauza ndizi akiomba radhi kwa mkono, na tulipoushika mlima wa kutoka Karatina akakanyaga. Injini ilikohoa, ikakohoa, ikaacha kukohoa. Tuliingia Gatitu jioni jua likiwa bado juu ya miti, na mafundi wakatoka wote wakifuta mikono.

Gakuru alilizunguka gari. Aliinama, akasikiliza, akaweka kiganja juu ya injini, akakanyaga mafuta mwenyewe mara mbili. Aliangalia magunia. Kisha akazima, na kwa sauti ya mtu anayekubali jambo lisilompendeza akasema, "Iko mzima." Mama Shiru alikuwa ameshachota mchele. Kanyi, fundi wa pili, alinipa mkono. Ningenyamaza, mambo yangekwisha hapo, na sitaki mtu anisifu kwa nilichofanya, kwa sababu ukweli na uongo havikuwa akilini mwangu kabisa. Nilikuwa na kitu mfukoni ambacho sikukielewa, na mbele yangu alisimama mtu aliyefungua injini nyingi kuliko watu wote niliowahi kuwajua. Niliitoa ile plagi. Nekesa alinikanyaga mguu, kwa nguvu. Nikasema, "Mzee, hivi vidoti ni nini?"

Aliichukua mpaka mlangoni penye mwanga. Aliigeuza kwa muda mrefu. Akauliza imetoka wapi, nikamweleza kila kitu, Kagio, changarawe, hewa, plagi tulizobadilisha. Kanyi akasema, "Basi hiyo injini si mzima, Mzee. Maneno ni maneno." Gakuru alinigeukia mimi. "Urikuwa umeshashinda," aliniambia. "Hii ungetupa kwa mtaro. Unanionyesha ya nini?" Nikamwambia nataka kujua. "Wewe unafikiri ni nini?" Nikasema nafikiri ni vipande vya pistoni, vimeyeyuka vikaruka, lakini sijui pistoni yenyewe imeliwa kiasi gani, wala kwa nini ni ya tatu peke yake. Aliendelea kuitazama, na uso wake ukawa na kitu ambacho sikuwahi kukiona pale, na ambacho nilikizoea kwa jirani yangu tu. "Hata mimi sijui," alisema. Akamgeukia Nekesa. "Mwarimu, nikifungua hii injini kesho, utakasirika?" Nekesa akasema, "Nitakasirika ukifungua kabla sijafika." Gakuru akaitia plagi mfukoni mwake. "Kesho kuja na nguo ya kazi," aliniambia. "Tutafungua tuone."

Nilikula ule wali bila kuisikia ladha yake, na nyumbani sikulala vizuri, kwa sababu niliyotaka kuiona ni ile pistoni tu. Kesho yake ilikuwa Jumapili, nilifika kabla lango halijafunguliwa, nimevaa suruali kuukuu, na Nekesa alikuja moja kwa moja kutoka misa ya kwanza na viatu vyake vya kanisani. Gakuru alinipa spana bila salamu, akanionyesha boliti ya kuanzia. Boliti ilikaza, nikaegemea kwa uzito wangu wote, ikalegea. Nilikuwa nimeshalegeza tatu na kuishika ya nne, vichwa vyetu vitatu vimeinama juu ya injini moja, ndipo iliponijia kwamba hakuna mtu aliyenirudisha kaunta.